Madebe Mawili: Somo Juu ya Mabishano

Muhula uliopita chama chetu cha mdahalo kilijadili jambo ambalo katika nchi hii ya Uganda limejadiliwa karibu miaka mia bila kwisha: Je, Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule zote? Msemaji wa kwanza, kijana hodari sana, alisimama akasema kwamba Kiswahili ni lugha ya wageni, na kwamba si haki kumlazimisha mtu lugha ya wageni. Alisema hayo yote kwa Kiingereza. Akapigiwa makofi. Msemaji wa pili akainuka kukitetea Kiswahili, akasema Mwafrika anayedharau lugha ya Kiafrika bado hajapata uhuru. Naye pia alisema kwa Kiingereza, akapigiwa makofi mengi zaidi. Mimi nilikaa nyuma na karatasi ya kuandikia maksi, na nakiri kwamba nilikasirika. Hasira ilipopoa niliona kwamba nimekwisha pewa somo, nami nawaletea hapa.

Watu hudhani mnafiki ni mtu asemaye uongo. Sivyo hasa. Yawezekana kila neno la mnafiki ni kweli. Mtazameni mnunuzi wa maharagwe aendaye vijijini na madebe mawili. Debe la kununulia limepigwa nyundo kwa ndani hata likatoka tumbo. Debe la kuuzia limebonyezwa kitako. Yote mawili ni madebe, na ukimwuliza atakuapia kwamba yeye hupima kwa debe. Kijana wetu alikipima Kiswahili kwa swali hili: Je, ni cha wageni? Kiingereza alikipima kwa swali jingine: Je, kina faida? Kwa swali la kwanza Kiingereza kingalianguka mara moja, maana Mombasa ni karibu kuliko London. Kwa swali la pili huenda Kiswahili kingalishinda, na huenda kisingalishinda. Hatujui, kwa sababu hakukipima kwa swali hilo. Kazi ya msikilizaji katika mdahalo ni hiyo hasa: kumwambia msemaji, Bwana, lete debe lile lile.

Ugumu wa mawazo ni ugonjwa mwingine, na mara nyingi huwapata watu wakweli kabisa. Mwenye mawazo magumu alikuwa na sababu njema zamani. Sababu ikafa, naye bado anaibeba. Ili tuone jambo hili vizuri yatupasa kurudi nyuma kidogo.

Mwaka 1927 Gavana William Gowers aliandika waraka akitaka Kiswahili kiwe lugha ya elimu na ya serikali katika sehemu kubwa ya Uganda. Waliopinga walikuwa wengi. Kabaka Daudi Chwa aliandika kupinga mwaka 1929, na maaskofu wa makanisa nao wakapinga. Siku hizi vijana wanaopenda Kiswahili huwacheka wazee hao. Msiwacheke. Katika miaka hiyo hiyo Waingereza walikuwa wakifikiri kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, na kule Kenya masetla walikuwa wamekwisha chukua ardhi kubwa yenye rutuba. Mwaka 1931 Serwano Kulubya, Mweka Hazina wa Buganda, alisafiri mpaka London akasimama mbele ya kamati ya Bunge kueleza kwa nini watu wake hawataki muungano huo. Basi machoni pao Kiswahili kilikuwa mlango, na nyuma ya mlango alisimama setla. Hofu yao ilikuwa na miguu.

Walakini hata mwenye hofu ya haki aweza kuwa na madebe mawili. Wakati huo Kiganda kilikuwa kimepelekwa katika makanisa na mabaraza ya watu wasio Waganda. Huko Bunyoro machifu Waganda waliwekwa na Waingereza kuwatawala wenyeji, na mwaka 1907 Wanyoro wakawakataa. Jambo lile laitwa Nyangire, yaani nimekataa. Mnyoro aliyesikia watu wa Buganda wakilalamika kwamba si vema kusukumiwa lugha ya wengine, nadhani alikuna kichwa chake.

Muungano ule wa masetla haukuja. Uganda ikapata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 bila kupokwa ardhi yake kama ilivyokuwa Kenya. Sababu ya 1929 ilikuwa imekwisha zikwa, lakini neno lenyewe, kwamba Kiswahili hakitufai, lilirithiwa na watoto kama shamba. Likatafutiwa sababu mpya, nayo ilipatikana upesi: Kiswahili ni lugha ya askari na ya wezi.

Hapa lazima nijiseme mwenyewe. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za Waingereza, na Idi Amin, aliyetawala toka 1971 mpaka 1979, alikuwa askari wa jeshi hilo. Mwaka 1973 alitangaza kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa. Wakati ule mimi nilikuwa mtoto mdogo. Nilipokuwa na umri wa miaka saba basi letu lilisimamishwa penye kizuizi cha barabarani, na neno la kwanza la Kiswahili nililolielewa vizuri maishani mwangu lilikuwa "Toka!" Baba aliteremshwa. Alirudi baada ya muda mrefu, bila saa yake na bila koti, akaketi, hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Tangu siku hiyo nikisikia Kiswahili tumbo lilikaza. Nani angalinilaumu?

Lakini sikilizeni. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitwaliwa na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Wale Watanzania walisema lugha gani? Ile ile. Watu walijitokeza barabarani kuwashangilia, wakajifunza kuamkia kwa Kiswahili. Kama lugha ilikuwa na hatia kwa ajili ya askari wa kwanza, ilipaswa kusamehewa kwa ajili ya askari wa pili. Mimi sikuisamehe. Niliendelea kusema "lugha ya wezi" kwa miaka mingine kumi na zaidi, mpaka nilipopangwa kufundisha karibu na mpaka wa Busia, nikaona akina mama wa sokoni wakinunua mahindi na samaki kwa Kiswahili, wakicheka, wakidaiana, wakipatana. Hakuna aliyewaambia kwamba wanasema lugha ya wezi, nao hawakuwa na nafasi ya kuuliza. Nilirudi nyumbani nimeona haya. Mwaka uliofuata nikaanza kujifunza.

Nilipokuwa mwalimu wa Kiswahili nilidhani nimepona. Kumbe ugonjwa ulihama tu. Darasani niliwafundisha wanafunzi waipende lugha ya Kiafrika. Bwenini, kwa kuwa ndiyo kanuni, nilimvika kibao shingoni kila mtoto aliyesema lugha ya mama yake. Jioni moja kijana wa kidato cha pili alinijia akiwa amevaa kibao hicho, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, Kilugwere si lugha ya Kiafrika?" Nilimwambia aende akalale. Halikuwa jibu, naye alijua hivyo.

Kwa hiyo sisi wapenzi wa Kiswahili tusijivune. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, itumike kwa namna itakayowekwa na Bunge. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Vema. Lakini nimehudhuria mikutano ya kukisifu Kiswahili ambayo ajenda, hotuba na shukrani zote zilikuwa kwa Kiingereza, na ukiuliza walimu watatoka wapi, waambiwa wewe si mzalendo. Huko nako ni kuwa na mawazo magumu, ingawa kumevaa nguo mpya. Anayeuliza habari za walimu si adui. Huenda ndiye peke yake anayetaka jambo lifanyike.

Naona wengi wenu mnangoja niseme upande upi ulistahili kushinda mdahalo ule. Sikutoa ushindi. Niliwapa wote wawili maksi sawa, chache, na kijana wa kwanza alikuja kulalamika. Nikamwuliza: ni kitu gani ukikiona kitakufanya ubadili shauri lako? Akafikiri kidogo, akajibu kwamba hakuna. Nikamwuliza wa pili, naye akajibu vivyo hivyo, kwa haraka zaidi. Basi nikawaambia kwamba hawakuwa wakibishana; kila mmoja alikuwa akitangaza mahali alipozaliwa.

Zoezi la likizo. Chagua ubishi mmoja unaosikika kijijini au mtaani kwenu, uwe wa ardhi, wa mahari, wa kanisa au msikiti, au wa kisima. Andika sababu inayotolewa na upande unaoupenda, kisha uutumie upande huo huo kipimo ambacho unawapimia wale wengine, uone kama utasimama. Uliza wazee sababu hiyo ilianza lini, na kama kilichoileta kingalipo. Mwisho andika, kwa sentensi moja, jambo ambalo likithibitishwa utaacha shauri lako. Wale watakaoshindwa kuandika sentensi hiyo wasiibe ya mwenzao. Waache nafasi wazi, tutaizungumza darasani. Kazi iandikwe kwa Kiswahili, na neno likikosekana liandikwe kwa lugha ya mama. Kibao kimekwisha tiwa jikoni pamoja na kuni.