Mbiu ya Mvua Kubwa

Ndugu mwanakisomo, wewe unaishi Samunge. Unajua thamani ya maji. Tangu zamani Wabatemi wamelima kwa mifereji, na wenamiji ndio wanaogawa zamu za maji. Mvua ikikosekana tunapata shida. Mvua ikizidi pia tunapata shida.

Mvua kubwa ni ipi? Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huiita mvua kubwa ikizidi milimita 50 kwa saa 24. Hicho ni kina cha vidole vitatu hivi. Tufanye hesabu. Katika shamba la ekari moja, mvua hiyo ni lita 200,000 hivi. Ni sawa na mapipa 1,000 makubwa! Maji hayo yakishuka pamoja kutoka milimani, korongo lililokuwa kavu asubuhi laweza kuchukua ng'ombe jioni. Tena mvua yaweza kunyesha juu mlimani, nawe huku chini unaota jua.

Tukumbuke yaliyotokea mkoani Manyara. Tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na miti vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Miezi iliyotangulia, wananchi walitangaziwa kuwa kulikuwa na El-Nino na mvua nyingi zingeweza kunyesha. Lakini tangazo la msimu halitaji siku, wala halitaji mlima utakaoporomoka. Kwa hiyo tunahitaji pia taarifa za kila siku.

Sasa tazama mfano wa pili. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilisogea pwani yetu. Wataalamu walikiona kwa setilaiti kingali mbali baharini, wakatangaza mapema. Boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Abiria walibaki nchi kavu. Taarifa ilifika, na watu waliitii.

Taarifa hizo zina ngazi tatu. Ukisikia "angalizo", kaa macho. Ukisikia "tahadhari", jiandae. Ukisikia "tahadhari kubwa", hatari ni kubwa: chukua hatua mara moja.

Je, taarifa itafikaje kwa bibi asiye na redio wala simu? Mwaka 2011, habari za kikombe cha dawa zilitoka hapa Samunge zikaenea nchini na nje ya nchi. Maelfu ya watu walikuja. Ikiwa habari za dawa ziliweza kutoka hapa na kufika mbali, habari za mvua zinaweza kufika nyumba ya mwisho ya kijiji. Lakini ni lazima tupange.

Kijiji kifanye hivi:

1. Kichague watu wawili wa kusikiliza taarifa ya hali ya hewa kila siku, wakati wa vuli na masika.
2. Kikubaliane ishara moja ya hatari, kama mbiu au kengele ya shule.
3. Kijue nyumba zilizo karibu na makorongo, na nani atawasaidia wazee, wagonjwa na watoto.
4. Kichague mahali pa juu pa kukimbilia.
5. Kiweke kipimamvua shuleni. Mvua ipimwe na kuandikwa kila siku saa 3 asubuhi. Afrika ina vituo vichache vya kupima hali ya hewa, na vipimo vingi huwasaidia wataalamu kutabiri vizuri zaidi.

Siku nyingine mvua iliyotangazwa haitanyesha. Usiseme, "Wametudanganya." Kuhama bure usiku mmoja ni taabu ndogo. Kufukua watu kwenye matope ni msiba.

Wahenga walisema: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ikilia, usingoje kuona maji. Ondoka. Wala usivuke korongo lililojaa, hata kama ng'ombe wako wako ng'ambo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, nyumba zipi ziko hatarini zaidi?
2. Mvua kubwa ikitangazwa leo usiku, nani atatuambia?
3. Wewe na jamaa yako mtakimbilia wapi?