Usingoje Uchungu: Afya ya Mwanamke Umri kwa Umri

Hapa Nyaramba mwanamke huchuma majani chai tangu asubuhi, akirudi anapika na kukama ng'ombe, na akishikwa na kizunguzungu husema amechoka. Huenda damu imepungua. Tatizo hilo humwanzia msichana mara anapopata hedhi, tena tiba yake huanzia jikoni.

Chinsaga, managu, maharagwe na wimbi vina madini ya chuma, lakini chai ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kuyapokea. Siwaambii wakulima wa chai waiache. Isubiri tu saa moja baada ya kula. Chungwa au pera ndilo liandamane na chakula, kwa kuwa vitamini C husaidia. Hedhi ikipita siku 7, au pedi ikijaa kila saa moja au mbili, nenda upimwe damu hata kama mama yako naye alikuwa hivyo.

Binti akifika miaka 10, mpeleke achanjwe HPV. Kenya ilianza kutoa chanjo hiyo mwaka 2019, bila malipo, dhidi ya virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Haizuii kuzaa. Na asikeketwe, hata kwa mkono wa muuguzi mwenye ganzi: sheria ya 2011 inakataza, na kovu humtesa anapojifungua.

Mjamzito aanze kliniki mapema, anywe dawa za kuongeza damu kila siku, wala choo cheusi kisimtishe. Akiumwa kichwa kisichotulia, akiona vimulimuli au uso ukivimba, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kipimo kinachokwepwa zaidi, kwa aibu, ni cha saratani ya mlango wa kizazi, ilhali saratani hiyo ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi nchini. Kuanzia miaka 25 hadi 49 kiombe, hata kama huumwi popote. Dalili zikijitokeza, ugonjwa umeshatangulia. Nenda siku ambazo huna hedhi, siku mbili kabla usijisafishe kwa ndani wala kulala na mume. Vaa sketi pana, na ukitaka kuhudumiwa na mwanamke, sema. Njia moja ni muuguzi kupaka siki na kutazama: sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe, jibu unalipata hapo hapo, na mara nyingi doa huweza kutibiwa kabla halijawa saratani. Anayeishi na virusi vya ukimwi apimwe mara nyingi zaidi, kama kliniki yake itakavyompangia.

Joto la ghafla na usingizi kukatika wakati wa kukoma hedhi ni mambo ya umri, ingawa yakizidi yana dawa. Damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, hiyo si hedhi: muone daktari. Bibi aliye nyumbani naye apimwe presha na sukari. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye vipimo hivyo mwaka 2023, kwa hiyo mmoja wao akipita kwenu mwiteni.

Kina mama, chama kikikutana tena, chagueni siku moja ya kwenda kupimwa pamoja, na asiye na nauli asaidiwe na mfuko wa chama.