Somo: Kumalizia Jahazi Dogo la Mbao
Wiki hii tunamalizia ubavu wa jahazi dogo la pambo, kama yale wanayouziwa wageni kule Lamu. Mbao ziwe zimekauka kabisa. Mbichi hupasuka baadaye, na jahazi lililopasuka halilipi karo.

1. Tujaze nyufa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Tuuache ukauke hadi kesho.

2. Tupige msasa mkali, kisha laini, toka omo hadi tezi, tukifuata nyuzi za mbao.

3. Tupanguse vumbi, tupake vanishi nyepesi mara tatu. Kila ikikauka, tupitishe msasa laini kabla ya kurudia.

Jahazi la baharini hukalafatiwa kwa pamba na kupakwa sifa, letu halihitaji. Lakini tusikimbilie sokoni: haraka haraka haina baraka.