Tundu za USB Zinapokufa Moja Moja

SWALI: Msomaji wa Mabira, wilayani Kyerwa, ana kompyuta ya mezani iliyoungwa kwa vipuri vilivyonunuliwa kimoja kimoja. Tundu za USB za mbele hazisomi fleshi, na za nyuma zimeanza kukatakata. Je, bodi mama imekufa?

JIBU: Asiinunue nyingine bado. Tundu za mbele hazikai kwenye bodi mama. Zinaungwa kwa waya wenye plagi ya pini 9, au 19 kwa USB 3.0. Fundi akiisahau plagi hiyo, au ikilegea, tundu hufa papo hapo ilhali bodi ni nzima. Basi azime, achomoe waya wa umeme, afungue kasha na kuikandamiza vizuri. Achungulie pia ndani ya tundu kwa tochi: pini moja iliyopinda ikigusa bati huleta shoti, na baadhi ya bodi hujizima sekunde 15 baada ya kuigundua.

Za nyuma ni habari nyingine. USB 2.0 hutoa volti 5 na miliampea 500 tu. Diski ya nje huweza kuhitaji zaidi. Ikiwa hata kibodi inakatika, pawa saplai ndiyo ya kushukiwa, hasa ile ya bei rahisi iliyopigwa na umeme wa kupanda na kushuka. Aazime nzima kwa jirani, ajaribu.

Mwisho, awashe kompyuta kwa Linux kutoka kwenye diski. Tundu zikifanya kazi huko, huenda kosa liko kwenye draiva za Windows.