Kutafuta Mvumo Katika Gitaa la Umeme

Mwaka huu sikuwaletea shairi. Nataka tujifunze juu ya ule mvumo wa "ngoooo" unaotoka kwenye spika hata kabla mpiga gitaa hajagusa uzi.

Bendi yetu ya kanisa ina pedali tatu. Pedali ni kisanduku kinachokanyagwa kwa mguu ili kubadilisha sauti ya gitaa. Moja huikwaruza, moja huiyumbisha na moja huipa mwangwi. Zote zilipata umeme kutoka adapta moja ya volti 9. Ijumaa moja jioni, kesho yake ikiwa harusi, mvumo ulizidi hata waimbaji wakashindwa kushika sauti.

Kaka mmoja, mpiga besi, akatoa kisu. Dawa yake ilikuwa kukata waya wa ardhi kwenye plagi ya amplifaya. Kusema kweli, mara nyingine mvumo huisha ukifanya hivyo. Lakini nyuzi za gitaa huunganishwa na ardhi kupitia amplifaya hiyo hiyo. Ukishaukata waya, siku amplifaya ikiharibika ndani, volti 240 zaweza kukufikia vidoleni, nawe mdomo uko kwenye maikrofoni! Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, aliuawa na umeme jukwaani mjini Swansea alipogusa maikrofoni isiyounganishwa na ardhi. Nikasema, "Kaka, ngoja kwanza, nipe dakika kumi tu." Alinitazama kama mtoto aliyeingilia maneno ya wazee, lakini kisu akakikunja.

Nilichomoa pedali zote, gitaa likaingia moja kwa moja kwenye amplifaya. Mvumo ukapungua sana, ukabaki mdogo. Nikageuka polepole nikiwa nimelivaa gitaa, na kila nilipogeuka ukapanda au ukashuka. Basi huo mdogo ulitoka hewani, kwa kuwa sumaku za gitaa zilizozungushiwa waya hunasa pia umeme wa taa na transfoma zilizo karibu. Tulizima taa ya tyubu, ukaisha.

Kisha nikarudisha pedali moja moja, nikitumia betri niliyoitoa kwenye mita ya kupimia umeme. Zote tatu kimya! Nikachomeka adapta, "ngoooo" ikarudi. Mwizi akapatikana.

Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Adapta ya transfoma ikiugeuza bila kuusafisha vizuri, hubaki mtetemo wa mara 100 kwa sekunde. Jaribu kupiga freti ya tatu ya uzi mnene: ni noti ya G, kama mara 98, na inafanana sana na mvumo huo. Pedali ya kukwaruza nayo hukuza kila inacholetewa, uchafu pamoja na muziki. Ndiyo sababu huwekwa mbele ya ile ya mwangwi. Ukizigeuza, hata mwangwi utakwaruzwa.

Sauti ya "shhh" ni jambo lingine, punguza ukwaruzaji. Na ikifanya "krr" ukitingisha kebo, mpelekee fundi aichome risasi upya.

Harusi tuliipiga kwa betri tatu. Kaka mpiga besi ndiye aliyezilipia.