SOMO KWA MAKATIBU: KAZI ZA USIKU NA SEVA INAYOELEMEWA

Chama kinapohamisha hesabu zake kutoka daftarini hadi kwenye kompyuta, katibu huingiza uzito uliopimwa mizanini, na taarifa hizo hupelekwa kwenye seva ya Chama Kikuu, yaani kompyuta inayohudumia vyama vingi kwa wakati mmoja. Usiku seva hukokotoa malipo, hukata mikopo ya pembejeo, huandaa orodha za benki na kuweka nakala za akiba. Kazi hizi, zinazoanza zenyewe kwa ratiba, huitwa kazi za mafungu.

Mwanachama anayefika asubuhi na kuambiwa kuwa malipo hayako tayari kwa sababu mashine imekwama, ana haki ya kuuliza imekwamaje. Fedha hiyo ni karo ya mtoto na ujira wa vibarua wa palizi.

Mara nyingi sababu si wingi wa kazi, bali ni kuanzishwa kwake zote pamoja. Mpangaji wa ratiba hupenda saa sita kamili ya usiku kwa kuwa ni rahisi kuikumbuka, na kila anayemfuata huichagua saa iyo hiyo.

Na ichukuliwe mfano wa seva yenye kumbukumbu ya gigabaiti 32. Kazi ni 12, na kila moja huhitaji gigabaiti 6 na dakika 20. Zikipita nne nne hutumia gigabaiti 24, nane hubaki kwa mahitaji ya mashine yenyewe, na zote huisha kwa saa moja. Zikianza zote 12 huhitaji gigabaiti 72, ambazo hazipo. Hapo mashine huanza kuhamishia sehemu ya taarifa kwenye diski, iliyo nzito zaidi, kisha huirudisha, kisha huihamisha tena. Ni sawa na ghala lililojaa, ambamo wapagazi hutoa magunia nje ili waingize mengine, na jioni hakuna gunia lililopimwa. Mtaalamu wa Marekani, Peter Denning, aliieleza hali hii tangu mwaka 1968. Hivyo kununua seva kubwa zaidi kabla ya kutazama ratiba ni kutumia vibaya fedha za wanachama.

Dawa ya kwanza ni foleni yenye kikomo: kazi ya tano haianzi mpaka moja kati ya zile nne imekwisha. Utangulizi nao uwe kwa haja. Malipo hayakokotolewi kabla ya taarifa za mizani kufika. Takwimu za mwaka zinaweza kungoja Jumapili. Kazi iliyoshindwa isirudiwe papo hapo, bali ingoje dakika moja, kisha mbili, kisha nne. Vinginevyo kazi moja mbovu huirundikia mashine mzigo wa kazi kumi. Tena kazi ya leo isianze ilhali ile ya jana bado inaendelea. Katibu naye anaposubiri jibu asibonyeze mara ya pili, maana kila kubonyeza huweza kuwa kazi mpya.

Ratiba ikivurugika, madhara hayaishi usiku huo. Mwezi Juni 2012, benki za RBS, NatWest na Ulster Bank zilipatwa na hitilafu baada ya kubadilishwa kwa programu ya kupanga kazi za mafungu. Chanzo hakikuwa kuelemewa, lakini kazi za usiku mmoja ziliangukia usiku uliofuata, na wateja zaidi ya milioni 6.5 nchini Uingereza waliathirika. Mwaka 2014 wasimamizi waliitoza RBS faini ya jumla ya pauni milioni 56.

Zoezi la kikundi: Seva ina gigabaiti 24, na nane kati yake ni za mashine yenyewe. Kazi ni 9, kila moja ikihitaji gigabaiti 5 na dakika 30. Zipite ngapi kwa pamoja, na zikianza saa tano usiku zitakwisha saa ngapi? Wajumbe wajadili pia ni kazi ipi ya chama chao inayostahili kutangulia.