Seva ni Amana: Funga Milango Isiyo na Kazi

Huenda jumuiya imekukabidhi seva yenye majina ya wanaopokea zaka. Hiyo ni amana. Kila huduma inayosikiliza mtandaoni ni mlango, hata isipotumiwa na mtu. Tarehe 2 Novemba 1988 mnyoo wa Morris ulienea katika kompyuta za Unix; njia yake mojawapo ilikuwa finger, huduma ndogo ya kutazama nani ameingia kwenye mashine.

Kwenye Linux fanya hivi:

1. Orodhesha milango iliyo wazi: `sudo ss -tulpn`. Anwani 127.0.0.1 ni ya ndani tu, 0.0.0.0 hupokea wageni wote.
2. Kwa kila huduma uliza: nani anaihitaji? Telnet haina udhuru, kwani hupitisha nywila bila kuificha.
3. Izime, isiwake tena: `sudo systemctl disable --now jina-la-huduma`.
4. Orodhesha tena, uhakikishe.

Tahadhari: ukiwa Bujumbura na seva iko Rumonge, usizime SSH unayoingilia. Utasafiri kama kilomita 70 kando ya ziwa kwenda kuiwasha kwa mkono.

Tuchunge amana za watu. Wabillahi tawfiq.